Mshiko

Kabla ya chupa hizi na mvuke wa jiko la kuulia vijidudu
nilikuwa mwunganishaji wa simu katika posta ya Makó,
mji wa vitunguu.
Nyaya kumi na mbili mkononi, sauti za watu kichwani:
nani anamtafuta nani, nani hataki kupatikana.

Basi Emőke aliponieleza kazi yake sikuhitaji ubao.
Seli, alisema, ina vipokezi vilivyochomoza nje;
vikiguswa na habari hujipiga chapa kwa ndani,
chapa ndogo ya fosfeti,
na kuna protini ambazo kazi yao yote duniani
ni kuitambua chapa ile, kuishika, na kupeleka neno mbele.
Nikamwambia: plagi na tundu.
Akacheka. Ndiyo, akasema, ila tundu lenyewe linatetemeka.

Alitaka mshikaji asiye na mfano.
Alianza na kipande kifupi, asidi amino mia na nne,
akakibadili hapa, akakibadili pale,
akakizalia ndugu bilioni mbili,
akawapandisha mgongoni mwa virusi visivyomdhuru mtu.
Mimi nikachanganya maji ya chumvi, yeye akasuuza.
Akasuuza tena.
Aliyelegea akaenda na maji.
Aliyeshika mbili, moja ikamponyoka,
naye akaenda na maji.
Januari nzima, Tisza imeganda kingoni,
ukungu wa Szeged umeketi dirishani kama mdai,
sisi tunasuuza.

Akabaki mmoja.
Herufi tatu tu zilizobadilika katika ukoo mzima,
na mshiko wake ulizidi wa mzazi mara mia mbili.
Emőke alileta keki ya mbegu za mpopi.
Profesa Szilárd alivaa tai.

Kisha wakamtia ndani ya seli hai.

Kimya.

Homoni ya ukuaji ikadondoshwa, tone, kisha matone.
Chapa zilikuwepo, tulizipima,
lakini hakuna neno lililofika kwenye kiini.
Seli zilikaa tu, bapa, hazigawanyiki,
foleni mbele ya dirisha lisilo na karani.
Szilárd aliilaumu chumvi yangu.
Niliipima upya mbele yake, gramu kwa gramu.

Siku ya tatu naosha bika, nikakumbuka
Jumapili moja ya mwaka sabini na tisa.
Mjane wa kijiji cha jirani alimpigia mwanawe Budapest,
wakamaliza maongezi, kijana akakata,
na mama hakuurudisha mkonga mahali pake.
Aliusikiliza ule mvumo, saa moja na nusu.
Kijiji kilikuwa na laini moja.
Nyumba ya tatu kutoka kwake iliungua,
nami niliiona taa ya laini yake inawaka kwenye ubao wangu
nikadhani bado wana la kusema.
Nilikuwa na ruhusa ya kuchomoa.

Nikamwendea Emőke, povu hadi viwikoni:
huyu wako hakosei namba. Haweki simu chini.
Amekaa juu ya chapa, na wenye kazi hawapati pa kusimama.
Alinitazama kitambo.
Tumeambiwa ukishikwa shikamana, akasema polepole,
halafu hakumalizia, akaenda kuandika.

Akairudisha herufi moja kati ya zile tatu.
Sasa, gizani, chini ya hadubini,
nuru ya kijani hukimbilia ukingo wa seli,
hukaa (nimehesabu) sekunde arobaini,
huondoka, hurudi.
Neno hupita. Seli hunyanyuka, hujibana kiunoni, huwa mbili.

Yule mwingine hatukumtupa.
Wanamtumia kuvulia chapa katika supu ya seli zilizopasuliwa,
huko anafaa sana, hakuna wa kumsubiri.
Yumo kwenye friji, nyuzi themanini chini ya sifuri,
na mwandiko kwenye kibandiko ni wangu:
ASITIWE KWA WALIO HAI.
Nikimtoa bila glavu, kwa haraka zangu,
baridi ya kichupa hunasa ncha ya kidole,
nami huvuta.